Chupa ya Kumi

Ijumaa saa kumi alasiri mfungua chupa alifika nyumbani kwa hakimu mstaafu kuisimamisha chupa. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Mvinyo mwekundu wa Kiitalia uliokaa ghalani miaka ishirini na minane huwa umelala ubavu miaka yote hiyo ili kizibo kisikauke, na mashapo yake hujikusanya upande mmoja kama vumbi kwenye kona ya chumba. Ukitaka kuunywa Jumapili, unausimamisha Ijumaa, mashapo yapate muda wa kushuka. Asiyelijua hilo hunywa matope, kisha huwalaumu Waitalia.

Hotelini alikofanya kazi walimwita Taratibu. Jina alipewa na wapishi, siku alipotumia dakika kumi na moja kuzibua chupa moja mbele ya mteja mwenye haraka, na kizibo kikatoka kizima. "Taratibu akiwa mkunga," mpishi mkuu alipenda kusema, "mtoto atatoka na ndevu." Alicheka pamoja nao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliishi na bibi yake mzaa mama katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na hakuwahi kuvunja kizibo.

Mzee aliyekuwa akiifungulia familia ya hakimu chupa zao kila mwaka alikuwa ameanza kutetemeka mikono, naye ndiye aliyempendekeza. Meneja alipomtajia mtaa na namba ya nyumba, Taratibu alikubali. Mama yake alifanya kazi katika nyumba hiyo. Asubuhi moja, Taratibu akiwa na miaka sita, mama alitoka kwenda kazini na viatu vya kahawia vilivyokuwa vikimbana, na hakurudi. Bibi alikwenda kuuliza. Mlinzi akamwambia getini kwamba msichana ameacha kazi bila kuaga, huenda amepata mwanamume. Bibi alikwenda mara tatu. Mara ya nne geti halikufunguliwa.

Kwa hiyo Taratibu alikuja na kizibuo chake, mshumaa wake, kitambaa chake cheupe, na swali moja. Alipanga kuliuliza Jumapili baada ya chakula, watu wakiwa wameshiba na kunywa, kwa kuwa wakati huo watu huwa wapole.

Mke wa hakimu alimpokea mwenyewe. Aliitwa Madamu na kila mtu, hata na mumewe. Shingoni alikuwa na ufunguo uliofungwa kwa uzi mweusi. Alimpitisha jikoni, akafungua mlango mnene wa mbao, wakashuka ngazi tisa hadi ghala la mvinyo. Hapakuwa na dirisha. Rafu zilifika darini, na sakafu ilikuwa ya changarawe, nyevu, ikiwa na ndoo na kopo la kumwagilia pembeni. Madamu alieleza kwamba kila mwezi humwaga ndoo mbili, maana hewa ikikauka vizibo husinyaa. Taratibu alisema ni desturi nzuri, ni nyumba chache zinazoifuata.

Chupa zilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa. Zilikuja kumi na mbili katika kasha moja, na sasa zimebaki tatu. Tangu mvinyo ulipokomaa, miaka tisa iliyopita, familia hufungua moja kila mwaka, Jumapili wanapoadhimisha kuzaliwa kwa hakimu. Taratibu aliichukua ya kumi kwa mikono miwili, akaipandisha bila kuitikisa, akaisimamisha kwenye kabati la jikoni mbali na mwanga. Mvinyo ulikuwa umeshuka kidogo tu kutoka kwenye kizibo. Kwa umri wake, ilikuwa afya njema.

"Usiutie kwenye jagi," Madamu alisema. "Umimine kutoka chupani. Mwaka juzi yule mzee aliutia kwenye jagi, ukafa baada ya nusu saa, na msichana akaondoka vyombo vikiwa mezani."

Taratibu alikubali. Mvinyo mzee ukimwagwa kwenye jagi hupata hewa nyingi kwa mara moja, kama mgonjwa aliyetolewa nje kwenye upepo. Ndani ya chupa unaweza kuishi saa moja na nusu, pengine zaidi. Halafu akauliza ni msichana gani.

"Wa kazi," Madamu alisema. "Huja na chupa. Hukaa mpaka mvinyo uishe au ufe."

Taratibu alidhani ni msaidizi anayetumwa na wauza vinywaji, wakati mwingine hufanya hivyo. Akaaga.

Jumapili saa saba mchana meza ilikuwa tayari kwa watu wanne: hakimu, Madamu, daktari wa meno ambaye alikuwa rafiki yao wa siku nyingi, na mke wa daktari. Palikuwa na nyama ya kuoka na viazi. Sahani hazikuwepo. Taratibu aliliona hilo, lakini sahani hazikuwa kazi yake.

Aliikata karatasi ya bati chini ya mdomo wa chupa, akaifuta shingo kwa kitambaa chenye unyevu, akaondoa ukungu mweusi uliokuwa juu ya kizibo. Kizibo kilikuwa laini kama mkate wa jana. Kizibuo cha kuzungusha kingekisaga, hivyo alitumia kile cha ndimi mbili nyembamba za chuma, ambacho huingizwa pembeni, ulimi huu kisha ule, huku mkono ukitikisika kidogo kama wa mtu anayebembeleza mtoto. Hakimu alitumia muda huo kuwaeleza wageni kuhusu vizibo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kupangilia maneno.

Alisema kizibo hupumua. Hupumua kidogo sana, lakini hupumua, na hewa inayokizunguka ndiyo huingia kwenye mvinyo. Chupa zilizokwisha kukaa ghalani miaka kadhaa huwa zimezoea kujifunga. Hizi kumi na mbili zilikuwa ndiyo kwanza zimefika, na majuma yale matatu ya mwanzo zilikuwa bado hazijajifunza. Zilivuta hewa iliyokuwepo. "Na iliyokuwepo," hakimu alisema, "ilikuwa ya mtu mmoja."

Mke wa daktari alisema hata nyumba mpya huwa hivyo, hushika harufu ya rangi.

Kizibo kilitoka kizima. Hewa ilitoka nyuma yake kwa sauti ndogo, kama mtu anayeanza kusema neno na kuliacha. Taratibu alikinusa kizibo, akaridhika, akakiweka kwenye kisahani. Chini ya sakafu changarawe zililia mara moja, mbili. Kisha hatua zikapanda ngazi tisa, bila haraka.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye aproni ya buluu, amebeba sahani nne zilizokwisha kupashwa moto. Midomo yake ilikuwa imepasuka vibaya, yenye magamba meupe. Nywele zake zilikuwa na vumbi. Alivaa viatu vya kahawia.

"Umechelewa kidogo leo," Madamu alisema.

"Samahani, mama. Kizibo kimetoka polepole." Sauti yake ilikwaruza kama karatasi inayovutwa juu ya meza.

Taratibu aliitambua sura kutokana na picha iliyokaa juu ya kabati la bibi yake. Alikuwa ameshaanza kumimina, na ukishaanza kumimina mvinyo wa umri ule hurudishi chupa nyuma. Aliushika mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akatazama mashapo yasipande, akajaza glasi nne hadi pale panapostahili. Mvinyo ulikuwa mwembamba na wa rangi ya tofali, ukingoni umegeuka kama chai. Ulinuka waridi lililokauka, na lami, na nyuma ya hayo kitu kikavu ambacho alishindwa kukipa jina.

Mwanamke mwenye aproni alipomaliza kugawa sahani alimwona, akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anavyofanya mbele ya mwanamke aliyemzidi umri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Taratibu alijibu, kabla hajapata muda wa kufikiri.

Mezani walinusa kwanza, kisha wakaonja. Daktari wa meno alifumba macho. Alisema ukakasi umelainika kabisa, umebaki ule wa kumkumbusha mtu kwamba ana meno. Hakimu alifurahi. Madamu alisema wa mwaka jana ulikuwa mzuri, lakini huu una kina. Wakala nyama. Mwanamke mwenye aproni alizunguka nyuma ya viti akipokea bakuli hili na kutoa lile, na aliporudi jikoni Taratibu aliiweka chupa chini, akamfuata.

Alimkuta anasugua sufuria. Taratibu alisimama karibu na mlango akasema kwamba yeye ni mwanawe. Hakujua njia nyingine ya kulisema.

Mama alimtazama kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka usoni.

"Jino limeota?" aliuliza.

Asubuhi ile ya mwisho Taratibu alikuwa na pengo la mbele. Alifungua mdomo, akainama kidogo kwa kuwa sasa yeye ndiye mrefu. Mama alilikagua jino. Daktari wa meno alikuwa anapita kwenda kunawa mikono, naye akachungulia, akasema limekaa vizuri, ila fizi ya juu iangaliwe.

"Ahsante, daktari," mama alisema, kama mzazi yeyote.

Kisha akauliza nani anamsuka nywele siku hizi. Taratibu akasema bibi. Mama akauliza kama bado anazivuta sana. Taratibu akasema anavuta, na macho yanatoka machozi. Mama alitikisa kichwa, akaendelea na sufuria. Taratibu alichukua kitambaa akawa anakausha, na hapo ndipo alipoliuliza swali lake, bila kusubiri watu washibe.

"Ulikwenda wapi?"

"Sijaenda," mama alisema.

Alieleza huku akisugua. Kasha lilifika siku hiyo, saa nne asubuhi. Walimwagiza ashushe chupa kumi na mbili, azilaze, lebo zikitazama juu, asizitikise. Wakamwambia auvute mlango akishaingia, joto lisiingie. Akauvuta. Walikuwa wanasafiri, magari yalikuwa yamewashwa. Alikuwa amefika chupa ya tisa aliposikia ufunguo unazunguka. Alifikiri bwana atarudi. Akamalizia zile tatu.

"Hukugonga?"

"Niligonga. Kwa kiganja."

"Kwa kiganja tu?"

"Walikuwa wamenifundisha kwamba mvinyo mpya ukitikiswa unaharibika," mama alisema. "Nikaona nisipige mlango. Nitapiga nikisikia wamerudi."

Aliinua sufuria kwenye mwanga kuona kama imetakata. Taratibu alimwuliza kwa nini hakufungua hata chupa moja. Humo ndani zilikuwa zaidi ya mia tatu. Hata kuvunja shingo tu kwenye ngazi.

"Zilikuwa za watu," mama alisema.

Alisema sasa yuko chini ya changarawe, upande wa kulia ukishuka, na si mahali pabaya. Maji ya kila mwezi anayasikia yakishuka. Yanampita pembeni. Huku akisema alikuwa akiutazama mfereji wa jikoni, na Taratibu aliliona koo lake likipanda na kushuka bila kitu. Alichukua glasi ndefu, akaijaza maji hadi juu, akampa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, mahali ambapo haitagongwa.

"Nikimaliza," alisema.

Taratibu alirudi mezani. Kwa mtu mwenye haya kama yeye, ilikuwa njia ndefu. Alisimama kando ya kiti cha hakimu, akasema aliyeko jikoni ni mama yake, na ana kiu, na anaomba aruhusiwe kunywa maji.

Madamu aligeuka kumtazama mikono. "Kumbe wewe ndiye yule mtoto," alisema. "Ndiyo maana. Mikono ni ileile." Alionekana kuridhika, kama mtu aliyepata kifuniko cha sufuria kilichopotea. "Anywe, nani amemkataza? Akimaliza tu."

Hakimu aliweka uma chini. Alisema angependa binti aelewe jambo hilo lilivyokuwa. Mwaka ule kulikuwa na joto kali. Alipita, akaukuta mlango umevutwa lakini haujafungwa, akafikiri msichana amesahau. Akafunga kwa ajili ya mvinyo. "Hapakuwa na nia," alisema. "Na nia ndiyo kila kitu."

Mke wa daktari aliuliza kwa upole kama walitoa taarifa. Hakimu akasema uteuzi wake ulikuwa utangazwe mwezi huohuo, na taarifa ingezaa maswali. Mke wa daktari alisema nyakati kama hizo kweli huwa na mambo yake. Akaomba chumvi.

"Tulirudi baada ya majuma matatu," Madamu alisema. "Cha kwanza tulishuka kupima joto la ghala. Lilikuwa palepale, halijapanda hata kidogo. Na hakufungua hata moja. Wa siku hizi huwezi kuwaachia hata sukari."

Wote walikubali kwamba wa siku hizi ni wa namna nyingine. Hakimu akainua glasi yake, akainusa, akasema sasa waridi limekwenda nyuma na lami imekuja mbele. Taratibu aliwamiminia mara ya pili, kwa sababu glasi zilikuwa tupu na hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Saa ya ukutani ilionyesha mvinyo una umri wa dakika hamsini tangu kuzibuliwa. Chupani palibaki vidole vitatu juu ya mashapo.

Alihesabu kazi zilizobaki. Sahani nne za nyama, bakuli tatu, sinia, sufuria mbili, visu na uma, matunda ya mwisho ya kupeleka mezani na visahani vyake. Alivua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni, akaanza kuosha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakufanya kitu taratibu. Aliosha sinia mama akiwa bado analitafuta. Alikausha bakuli mbili kwa mkono mmoja. Wapishi wa hotelini wangelipa kiingilio kuona. Mama alimwambia polepole, mwanangu, utavunja. Kisha akachukua zile bakuli, akazirudia kuzisuuza, kwa kuwa zilikuwa na povu kwa chini.

"Acha nizimalize mimi," Taratibu alisema. "Wewe kunywa."

"Namalizia hizi."

Alipeleka matunda. Aliporudi akakuta Madamu ameagiza taulo za meza zilowekwe kabla doa halijakauka. Taratibu alizichukua. Mama akaenda kufagia makombo. Taratibu akaupokea ufagio. Mama akasimama katikati ya jikoni, mikono mitupu, akiangalia huku na huku. Palikuwa safi. Hata yeye hakuona kitu cha kushika.

"Basi," mama alisema. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaining'iniza. Aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, akainyoosha miguu, na akasema viatu hivi vinambana.

Mezani daktari wa meno alikuwa na funda moja limebaki kwenye glasi. Wengine walikwisha kumaliza, na chupani palikuwa na mashapo matupu. Taratibu alitoka mbio mpaka kwenye kiti chake, akainama, akamwomba kwa sauti ya chini asinywe kwanza. Dakika moja tu. Daktari alimtazama kwa wema. Alikuwa mtu aliyezoea watu wanaomwomba asubiri kidogo.

"Bila shaka, binti," alisema, na akaishikilia glasi.

Taratibu alirudi mlangoni mwa jikoni. Mama alikuwa ameinua glasi ya maji kwa mikono miwili. Hakuinywa papo hapo. Aliitazama kwanza kwenye mwanga, kama walivyomfundisha kutazama glasi za nyumba hii, akaona alama ya kidole ubavuni, akaishusha, akashika pindo la kitambaa akaifuta.

Mezani mvinyo ulikuwa umefika. Huwa hivyo kwa mvinyo wa Kiitalia wa umri ule: kuna dakika moja, baada ya saa nzima ya kujikuna na kujinyoosha, ambapo vyote huja pamoja, waridi na lami na ngozi na majani makavu, na baada ya hapo hugeuka siki mbele ya macho yako. Daktari wa meno aliinusa dakika hiyo ikija. Alitazama jikoni, akaitazama glasi. Alikuwa amesubiri kiasi ambacho mtu mstaarabu husubiri. Akanywa.

"Hapo," alisema, akifumba macho. "Hapo sasa."

Kigodani hapakuwa na mtu. Glasi ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, imejaa hadi juu, safi, haina alama.

Daktari alimwomba Taratibu radhi baadaye, alipokuwa anavaa koti. Alisema ulikuwa unaanza kuchacha, na kuuacha ufe kwenye glasi lingekuwa kosa, hasa mbele ya mtu mwenye kazi kama ya Taratibu. Taratibu alisema anaelewa. Kuhusu mvinyo, alikuwa sahihi.

Madamu aliingia jikoni, akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama kidole. Alisema miaka yote ni hivyohivyo, msichana hupenda kukaa dakika za mwisho, na huwa hafikii maji. Alisema maji yale yasimwagwe bure. Mwezi huu changarawe zilikuwa bado hazijamwagiwa. Akavua uzi shingoni, akampa ufunguo.

Taratibu alishuka ngazi tisa na glasi mkononi, mlango ameuacha wazi. Madamu akamwita kutoka juu amkumbushe joto. Alirudi akauvuta, akashuka tena. Alichuchumaa upande wa kulia, akayamimina maji polepole kutoka karibu kabisa na ardhi, mahali pamoja, yasitawanyike. Yalishuka upesi. Aliweka kiganja juu ya changarawe akasikiliza. Alisikia maji yakishuka, na baada ya muda akayasikia yakigeuka pembeni.

Alipopanda, Madamu alikuwa amefungua daftari la tarehe. Zimebaki chupa mbili, alisema, na nyumba ingefurahi kama atakuja tena mwakani, kwa kuwa kizibo kilitoka vizuri na msichana alifanya kazi mpaka mwisho. Taratibu alisema atakuja. Aliuliza tu kama chupa inaweza kusimamishwa Alhamisi badala ya Ijumaa, maana mashapo yalikuwa bado hayajatulia vizuri, na mvinyo uliotulia huishi dakika chache zaidi. Madamu aliandika Alhamisi.

Alifika nyumbani jua likiwa linaelekea kuzama. Bibi alikuwa kitini karibu na dirisha anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Taratibu alikaa sakafuni mbele yake akamweleza kwa mpangilio, tangu sahani zilizopashwa moto mpaka glasi dirishani. Alimweleza na kile kiganja mlangoni. Hapo bibi aliacha kukunja.

"Bado anavaa vile viatu?"

"Bado."

Bibi alisema vilikuwa vinambana tangu siku vilipoletwa, na alimwambia, na hakusikia. Chini dukani mtu alikuwa anachana kitambaa kirefu, na sauti ilipanda mpaka juu.

"Ana hasira?" bibi aliuliza.

"Ana kazi nyingi."

Bibi aliitafakari hiyo. Watu wanne, alisema, nyama, bakuli, matunda, halafu na taulo za kuloweka. Kazi ya watu watatu. Hata aliye hai asingemaliza. Akaisukuma pembeni ile nguo aliyokuwa ameishika.

"Mpigie huyo Madamu," alisema. "Mwambie kuna mtu mzima anajua kuosha vyombo. Tukiwa watatu, yeye atapata nafasi ya kunywa."

Taratibu alipiga. Madamu hakuhitaji kufikiri. Alisema hakuna neno, mkono wa ziada hausumbui, na tena mwakani wageni watakuwa sita. Ila bibi afike mapema, na apitie mlango wa nyuma.

Taratibu aliyarudia maneno hayo kama yalivyo. Bibi aliuliza mlango wa nyuma uko upande gani, na kama una ngazi.

"Mbili," Taratibu alisema.

"Mbili nitaziweza," bibi akasema.